MAONI: Kabla ya kuunganisha simu yako na imeli ya kazi, uliza swichi iko mkononi mwa nani

HONGERA, umepata kazi. Siku ya kwanza unaonyeshwa meza yako, unapewa kadi ya kufungulia mlango, unaambiwa chai huja saa nne. Kabla hujazoea kiti, jamaa wa IT anakusogelea: "Leta simu nikuwekee imeli ya ofisi."

Unampa. Ni simu yako, uliyonunua kwa jasho lako, na huenda bado unailipia mdogo mdogo kila siku. Anaandika anwani, anaandika nenosiri, kisha kwenye skrini unatokea ukurasa wa maandishi madogo. Anabonyeza "Kubali", ama anakurudishia simu ubonyeze mwenyewe. Dakika mbili, kwisha.

Nataka nikuulize: katika hizo dakika mbili, umekubali nini?

Wengi wetu tutajibu kwamba tumekubali kupokea imeli za kazi. Hiyo ni theluthi moja tu ya ukweli. Umekubali pia kwamba ofisi inaweza kuiwekea simu yako masharti, na wakati mwingine hata kuifuta. Na bila mtu yeyote kulitaja, umekubali kwamba bosi anaweza kukufikia saa nne usiku ukiwa kwa mathree, ama Jumapili ukiwa kwa shosho.

Msimamo wangu ni huu. Kupokea imeli ya kazi kwenye simu si dhambi, na mara nyingi inakurahisishia maisha. Lakini barua, amri na saa ni mambo matatu tofauti, na kila moja linastahili mapatano yake. Na hilo la tatu, la saa, tusiliache kwa kijana ajaribu kuzima simu kwa ujasiri wake mwenyewe. Swichi iko kwenye seva ya ofisi. Aliye na swichi ndiye anayefaa kuizima.

Ili uelewe kwa nini nasema hivyo, tuanze na bomba lenyewe.

Imeli zako za kazi haziishi kwenye simu. Zinaishi katika sanduku lako lililo ndani ya seva, iwe ni mashine iliyofungiwa kwenye chumba cha baridi pale ofisini, ama iwe kwa kampuni kubwa kama Microsoft au Google. Ili simu ipate nakala, lazima kuwe na mpatanishi katikati, mguu mmoja kwenye sanduku na mwingine kwenye simu. Kazi yake ni kusawazisha. Ukisoma ujumbe kwenye simu, sanduku linajua umesomwa. Ukifuta huku, unafutika kule. Mkutano ukiongezwa kwenye kalenda ya ofisi, unatokea mfukoni mwako.

Waliokutangulia kazini wanaikumbuka BlackBerry, ile simu ya vitufe vidogo vidogo iliyokuwa alama ya umeneja. Kampuni ilikuwa inaweka seva maalum ya BlackBerry kando ya seva yake ya imeli. Seva hiyo haikuhitaji nenosiri la kila mfanyakazi. Ilipewa akaunti moja yenye ruhusa ya kuingia katika kila sanduku lililounganishwa, kuangalia kama kuna barua mpya, kuifunga kwa lugha ya siri na kuirusha hadi kwenye simu ya mwenyewe. Ufunguo mmoja, milango yote. Barua zilipitia pia mitambo ya kampuni iliyotengeneza simu hizo, na ndiyo maana mtambo mmoja mkuu ulipoharibika Oktoba 2011, watumiaji wa Ulaya, Mashariki ya Kati, Afrika na kwingineko walikaa siku kadhaa huduma ikisuasua.

Siku hizi ofisi nyingi hutumia njia ya Microsoft inayoitwa ActiveSync. iPhone ilianza kuielewa mwaka 2008, na simu za Android zikafuata. Hapa simu yenyewe ndiyo hubisha hodi. Inauliza, "Kuna barua?" Seva haijibu mara moja, inaiacha simu ikingoja mlangoni. Barua ikiingia, jibu linatoka papo hapo. Isipoingia, baada ya dakika kadhaa mlango unafungwa na simu inabisha tena. Hivyo ndivyo ujumbe wa bosi unavyokufikia sekunde chache baada yake kubonyeza "Tuma", na hivyo ndivyo betri na bando lako vinavyonyofolewa kidogo kidogo mchana kutwa.

Sasa sikiliza hapa. Bomba hilo hilo linaloleta barua ndilo linaloleta amri.

Kabla seva haijatoa barua hata moja, inaweza kuipa simu orodha ya masharti. Nambari ya siri iwe na tarakimu kadhaa. Simu ijifunge ikikaa dakika fulani bila kuguswa. Mtu akikosea nambari mara nyingi, simu ijifute. Simu ikikataa masharti, hakuna imeli. Kwenye simu za Android, programu nyingi za imeli zilikuomba uzifanye "msimamizi wa kifaa". Kama unaishi kwenye ploti, unajua maana yake: mfereji uko jikoni kwako, lakini koki kuu iko kwa keateka.

Amri nzito kuliko zote ni ya kufuta. Ilibuniwa kwa nia njema. Simu ikinyakuliwa pale Moi Avenue, mtu wa IT anatuma amri kutoka ofisini, na simu ikigusa mtandao tu inajifuta kabla mwizi hajasoma mikataba ya wateja. Shida ni kwamba amri hiyo, jinsi ilivyoanza, haikujua kutenganisha. Ilirudisha simu nzima katika hali ya siku ilipotoka dukani. Mikataba ya wateja ilikwenda, na picha za mahafali yako zikaenda nazo.

Fikiria umeacha kazi Ijumaa. Hamkukosana na mtu. Jumatatu mtu wa IT anafunga akaunti yako kama kawaida, na katika orodha ya vifaa anabonyeza "Futa". Pesa zako za M-Pesa haziguswi, maana haziko ndani ya simu. Lakini jumbe za kuthibitisha malipo ya kodi na ya chama zimeenda. Sauti ya babu uliyomrekodi kabla hajafariki, kama hukuwa na nakala kwingine, imeenda. Hakuna aliyekuchukia. Amri tu imetekelezwa.

Sitaki ukimbie hapa ukidhani bosi anasoma WhatsApp yako. Hapana, na uvumi wa aina hiyo unatupotosha. Kuunganisha imeli kwa ActiveSync peke yake hakumpi mwajiri picha zako wala mazungumzo yako. Kunampa aina ya simu uliyo nayo, programu endeshi yake, na saa ambayo ilisawazisha mara ya mwisho. Mambo hubadilika simu ikiingizwa katika mfumo kamili wa usimamizi, kwa sababu hapo ofisi inaweza kuona orodha ya programu ulizoweka na kukuzuia kutumia nyingine. Kwa hivyo swali la "mnaona nini?" lina majibu tofauti katika kila ofisi. Ndiyo maana lazima uulize ya kwako.

Habari njema ni kwamba suluhisho la kiufundi lipo, tena lipo kitambo. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, simu inaweza kugawanywa pande mbili: upande wako na upande wa kazi, ambao programu zake huwa na alama ndogo ya mkoba. Ofisi inasimamia upande wa mkoba. Ukiacha kazi, unafutwa upande huo na wako unabaki. iPhone nayo ina njia yake ya kutenganisha tangu iOS 13 ya mwaka 2019. Na kwenye seva za Microsoft za kisasa, msimamizi anaweza kuchagua kufuta akaunti ya kazi pekee. Kwa hivyo mtu akikuambia "mfumo ndio uko hivyo", jua kwamba mfumo una chaguo, na kuna mtu aliyechagua.

Hapo ndipo tunafika kwa saa, na hapa nitakupeleka Ujerumani kidogo.

Mwishoni mwa mwaka 2011, kampuni ya magari ya Volkswagen ilikubaliana na baraza la wafanyakazi wake kuhusu simu za BlackBerry. Hawakuwaambia wafanyakazi "jitahidini msisome imeli usiku". Waliiambia seva. Nusu saa baada ya zamu kuisha, seva iliacha kutuma imeli kwenye simu za wafanyakazi waliohusika, na ikaanza tena nusu saa kabla ya zamu ya kesho yake. Simu ziliendelea kupiga na kupokea kama kawaida. Mapatano hayo yaliwagusa wafanyakazi zaidi ya 1,000 waliokuwa na simu hizo, na wakuu wa kampuni hawakuwemo.

Ona uzuri wake. Hakuna kijana aliyelazimika kuonekana mvivu. Hakuna aliyejiuliza, "Nikinyamaza, na yule wa meza ya pili akijibu, nani atapandishwa cheo?" Barua haikufika kwa yeyote, basi wote walilala sawa.

Kampuni nyingine ya magari huko huko, Daimler, ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba wafanyakazi wake wangeweza kuchagua imeli zinazoingia wakati wa likizo zifutwe zenyewe. Aliyetuma hupata jibu kwamba barua yake imefutwa, na huelekezwa kwa mtu mwingine aliyepo kazini. Ukirudi likizo, sanduku lako liko vile uliliacha.

Utasema, hao ni Wajerumani, wana vyama vyenye nguvu. Kweli. Lakini teknolojia waliyotumia haikuwa ya ajabu. Ilikuwa mpangilio kwenye seva, wa aina ambayo ofisi za Nairobi, Mombasa, Kisumu na Eldoret zinaweza kuuweka leo. Programu za kusimamia simu za kazini zina sehemu ya kunyamazisha arifa baada ya saa fulani. Kinachokosekana ni mtu wa kusema iwekwe.

Mataifa mengine yameamua kulisema hilo kwa sheria. Ufaransa, tangu Januari 2017, inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao kuhusu haki ya kutopatikana nje ya saa za kazi. Australia ilifuata Agosti 2024. Hapa kwetu, Seneta wa Nandi Samson Cherargei alileta mswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira, Mswada wa 2022, ili mfanyakazi asiadhibiwe kwa kutojibu simu au ujumbe wa kazi baada ya saa zake. Shirikisho la Waajiri Kenya, FKE, liliupinga.

Naunga mkono wazo la mswada huo. Lakini sikushauri uusubiri. Mswada si sheria, na hata sheria ikipita, bila mpangilio kwenye seva itabaki kuwa karatasi. Arifa italia, utaitazama, na ukishaitazama usingizi umekwisha. Haki ya kutojibu haikusaidii sana kama tayari umesoma, "Tuonane kesho asubuhi ofisini kwangu."

Tena tayari tuna sheria za kuegemea. Katiba yetu, Kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Kifungu cha 41 kinazungumzia haki kazini. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuambiwa taarifa zako zitatumiwa vipi, na inamtaka anayezikusanya achukue zile tu anazohitaji kwa kazi aliyoitaja. Mwajiri anayesimamia simu yako anakusanya taarifa zako. Ana wajibu wa kukueleza, na ukiona umekanyagwa, Ofisi ya Kamishna wa Data ipo kwa ajili ya malalamishi kama hayo.

Nijue pia kumtendea haki mwajiri. Sheria hiyo hiyo inambana. Taarifa za wateja zikivuja kwa njia inayoweza kuwadhuru, anatakiwa kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72. Simu yako ikipotea ikiwa na sanduku zima la ofisi bila nambari ya siri, anayejibu ni yeye. Kwa hivyo akitaka simu yako iwe na nambari ya siri ndefu, usimnunie. Akitaka uwezo wa kufuta imeli zake simu ikiibwa, ni haki yake kabisa. Ninachokataa ni akiwa na uwezo wa kufuta vyangu pamoja na vyake bila kunijulisha, ama akidhani simu niliyonunua mimi ni kamba ya kunivuta saa yoyote.

Kuna wale watakaoniambia, "Ndugu, kazi zenyewe ziko wapi? Mwanagenzi atauliza maswali ya seva siku ya kwanza, na nje kuna foleni ya mia wanaotaka hicho kiti?" Nawaelewa. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema. Kijana aliye kwenye majaribio ya miezi mitatu hana ubavu wa kupigana na meneja. Ndiyo sababu nasisitiza mzigo uende kwa mwenye seva. Tukiliacha liwe jambo la ujasiri wa mtu mmoja mmoja, wenye mikataba ya kudumu watazima simu, na wanagenzi watakesha. Mpangilio wa seva hauulizi wewe ni nani.

Na pia, kuuliza si ujinga. Swali la heshima halijamfukuzisha mtu kazi mahali penye akili. Mahali ambapo litakufukuzisha, afadhali ujue mapema.

Basi ufanye nini?

Kwanza, kabla ya kutoa simu, uliza kama ofisi inatoa simu ya kazi. Kama kazi yenyewe inadai upatikane, simu na bando ni gharama ya kazi kama vile kiti na meza. Wakisema hawana, uliza kama unaweza kusoma imeli kupitia kivinjari cha simu badala ya kuunganisha akaunti. Unaingia, unasoma, unatoka. Hakuna arifa, hakuna usimamizi wa kifaa.

Pili, kama lazima uunganishe, omba upande wa kazi wenye alama ya mkoba. Na ule ukurasa wa maandishi madogo, usome. Ukiona maneno kama "futa data yote", simamisha shughuli uulize: yote, ama ya kazi pekee?

Tatu, weka nakala ya vitu vyako mahali pengine leo hii, kabla ya kuunganisha chochote. Picha, nambari za watu, jumbe za malipo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, siku ya kuacha kazi, ondoa akaunti ya ofisi kwenye simu mbele ya mtu wa IT, naye aiondoe simu yako katika orodha yake ya vifaa. Mrudishiane kadi ya mlango na mrudishiane simu pia.

Tano, lile la saa, liulizeni kwa pamoja. Mkiwa watano katika idara, mwombe mkuu wa idara jambo dogo la kupimika: imeli zisitumwe kwenye simu kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na jambo la dharura lipigiwe simu. Mtu akijua lazima apige simu ili kukuamsha, atajiuliza mara mbili kama ni dharura kweli.

Kama hujui pa kuanzia, nakili huu ujumbe, badilisha unavyotaka, umtumie meneja wa wafanyakazi:

"Habari ya asubuhi. Kabla sijaunganisha simu yangu binafsi na imeli ya kazi, naomba kufahamu mambo matatu. Je, ofisi itaweza kuona nini kwenye simu yangu? Je, ikihitajika kufuta, itafutwa akaunti ya kazi pekee au simu nzima? Na je, kuna saa ambazo seva haitumi imeli kwenye simu za wafanyakazi? Nitashukuru nikipata jibu kwa maandishi. Asante."

Ni sentensi saba. Hazina matusi wala vitisho. Yeyote anayeendesha ofisi vizuri ana majibu yake tayari, na ambaye hana, utakuwa umemsaidia kuyatafuta.

Utume asubuhi, saa za kazi.